Kikulacho Ni Nguo Yenyewe

Baba yangu alichomelea mageti Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila nikiulizwa nilijifunza wapi kemia huwa najibu: karakanani kwake. Shule ilikuja baadaye kuyapa majina mambo niliyokwisha kuyaona. Upepo wa bahari pale kwetu hauna huruma na chuma. Geti likichomelewa Jumatatu likaachwa nje bila rangi, Ijumaa maungio yameshaanza kuwa mekundu. Kwa hiyo kazi yetu watoto, tukitoka shule, ilikuwa kusugua. Brashi ya waya kwanza, kisha msasa, kisha kitambaa chenye thina, ndipo baba anakuja na kopo lake la redi oksaidi.

Nikiwa darasa la tano nilimuuliza kwa nini rangi ya kuzuia kutu inafanana na kutu. Alicheka. "Kwa sababu ni kutu hiyohiyo, mama. Imesagwa, imetulizwa, imepewa kazi." Nilidhani ananitania. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ni kweli: unga unaoipa rangi ile wekundu wake ni oksidi ya chuma. Oksijeni ileile inayolila geti likiwa tupu ndiyo iliyomo ndani ya koti linalolifunika.

Nayaandika haya kwa sababu mwaka juzi baba alipata kiharusi, na tangu siku ile nilikuwa natafuta wa kumlaumu. Nimempata, ila hakuwa pale nilipoanza kumtafutia.

Ilikuwa asubuhi, anakunywa chai ya rangi. Kikombe kilimponyoka mkono wa kulia, akakitazama pale sakafuni kama cha mtu mwingine, akataka kusema neno, mdomo ukaenda upande. Mdogo wangu alipomfikisha hospitali jua lilikuwa limeshapanda sana. Mimi nilitoka Dar na basi la saa nne, nikafika jioni.

Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi. Alichukua kipande cha karatasi akachora duara dogo jeusi ndani ya duara kubwa. La ndani, alisema, limekufa. Damu ilipokatika seli zile zilikosa hewa na sukari, zikafa ndani ya dakika chache. La nje bado lina uhai, ila liko taabani. "Siku mbili tatu hizi tunaliangalia hilo la nje," akasema. "Ubongo utavimba." Nikamuuliza kwa nini uvimbe wakati tatizo ni mshipa kuziba. Akatafuta maneno. "Mwili unajaribu kumsaidia. Sasa kule kusaidia kwenyewe ndiko kunakotutia hofu."

Kwenye korido shangazi yangu, dada yake baba wa tumbo moja, alikuwa na swali lake. "Nani kamfanyia kaka yangu hivi?"

Nikamwambia, ni presha, shangazi.

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeona mengi. "Presha ni njia tu, mwanangu. Mimi nauliza nani."

Nilimcheka kimoyomoyo, nakiri. Msomi wa chuo kikuu, mwandishi wa habari, nimekaa naye kwenye benchi moja namuona ana mawazo ya kizamani. Usiku ule, kwa vile usingizi haukuja, nilianza kusoma kwenye simu kuhusu seli zinavyokufa. Nilisoma kwa wiki kadhaa. Nilitaka jibu la daktari litoshe, yaani sababu bila mtu. Kwa muda lilitosha.

Hebu tuingie ndani ya seli kidogo. Nitajitahidi nisigeuze makala hii kuwa daftari la baiolojia la kidato cha tatu.

Chakula tunachokula huishia kwenye vijumba vidogo ndani ya seli viitwavyo mitokondria. Humo elektroni hushushwa kutoka mkono hadi mkono, kama mafundi wa ghorofa wanavyopokezana ndoo za zege, na wa mwisho kupokea ni oksijeni. Katika kule kupokezana ndiko seli inakovuna nguvu. Kazi inakwenda vizuri, lakini ndoo chache hazikosi kumwagika. Elektroni inatoroka njiani, inadakwa na oksijeni kabla ya zamu yake, na hapo inazaliwa oksijeni yenye kasoro, yenye njaa ya kunyang'anya. Hizi na jamaa zake ndizo zinazoitwa radikali huru. Zikigusa mafuta ya utando wa seli, zikigusa protini, zikigusa DNA, zinaacha jeraha. Na kwenye mafuta jeraha moja huzaa la pili, la pili la tatu, kama moto kwenye makuti.

Seli inalijua hilo tangu zamani. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich, wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, walionyesha kwamba kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuizima mojawapo ya radikali hizi. Fikiria maana yake. Ukikuta nyumba ina mfagio umewekwa kila chumba, basi vumbi lao ni la kila siku. Uhai wa kawaida kabisa, wa mtu mzima wa afya aliyelala usingizi, unamwaga sumu na kuifagia, unamwaga na kuifagia. Vumbi likiuzidi mfagio ndipo wataalamu wanaposema kuna msongo wa oksidesheni.

Ubongo wa binadamu ni kama asilimia 2 ya uzito wake, lakini unatumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yake. Hapo unaona kwa nini mshipa ukiziba mambo yanaharibika upesi. Kilichonishangaza mimi ni upande wa pili: mambo yanaweza kuharibika pia damu inaporudi. Mshipa ukizibuka, oksijeni inaingia kwa fujo kwenye mitokondria zilizokwama, wale mafundi wamekaa na ndoo zimejaa mikononi, na kinachomwagika ni kingi kuliko mfagio wowote. Seli iliyovumilia njaa inauawa na mlo. Usinielewe vibaya: kuzibua ni bora mara nyingi kuliko kuacha, na dawa ya kuyeyusha donge la damu kwa kawaida inatakiwa itolewe ndani ya saa nne na nusu. Baba alifika muda huo umepita. Nasema tu kwamba uokozi wenyewe una meno.

Halafu kuna ule uvimbe. Kwa Kiswahili tunasema uvimbe kwa kila kitu, kuanzia nundu ya kujigonga mlangoni hadi saratani, na neno la kitaalamu, inflamesheni, halijakaa vizuri mdomoni. Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, aliueleza kwa dalili nne: wekundu, kuvimba, joto, maumivu. Kila aliyechomwa na mwiba anazijua. Na kwa kweli ni mwiba ulioutambulisha vizuri kwa sayansi. Mwaka 1882, mjini Messina, kisiwa cha Sicily, Elie Metchnikoff alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, vile vilivyo angavu kama kioo, akavichoma miiba ya waridi, usiku ule asipate usingizi kwa shauku. Asubuhi akakuta seli za mnyama yule zimeuzunguka mwiba. Aliona mle askari walio kazini, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Sasa swali: askari hawa wanapigana na nini? Ndipo hadithi inaponisisimua. Seli nyeupe ziitwazo nutrofili zinatengeneza radikali zilezile, kwa makusudi. Zina mtambo maalumu wa kuzitengeneza. Kile ambacho mitokondria inamwaga kwa bahati mbaya, nutrofili inakimimina juu ya bakteria kama maji ya moto. Wapo watoto wanaozaliwa na mtambo huo mbovu. Kama radikali huru zingekuwa adui mtupu kama matangazo yanavyosema, watoto hawa wangekuwa na bahati. Wanaugua maambukizi yasiyokwisha, vijidudu na fangasi ambazo mimi na wewe tunapambana nazo bila hata kujua, na kabla ya dawa za kisasa wengi walikufa wadogo.

Nutrofili inapofika kwenye ubongo wa mtu aliyepata kiharusi haikuti bakteria. Inakuta mabaki ya seli zilizopasuka. Lakini inafyatua. Kwa nini? Sehemu ya jibu ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko yote. Mitokondria, alivyotetea Lynn Margulis mwaka 1967 akadharauliwa kwanza kisha akakubaliwa, wazee wake walikuwa bakteria. Zamani sana, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, waliingia ndani ya seli nyingine wakabaki. Bado wana DNA yao wenyewe, kipande kidogo cha mviringo, kama mtu aliyehamia mji wa watu akazeeka huko na bado ana cheti cha kuzaliwa cha kwao. Seli ikiwa nzima, hakuna anayeuliza. Seli ikipasuka, DNA ile inamwagika nje, na askari wanaisoma kama walivyofundishwa kuisoma: bakteria kaingia. Mgeni aliyepewa jembe siku ya tatu, akalima shamba la ukoo vizazi na vizazi, nyumba inapobomoka ndiye wa kwanza kuitwa mgeni.

Seli ina njia nyingine ya kufa, ya adabu. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie waliiita apoptosisi, kwa Kigiriki, kudondoka kwa majani. Seli inajikunja, inajikata vipandevipande vilivyofungwa vizuri, jirani wanavimeza, hakuna wekundu wala joto. Vidole vyako vilitengana tumboni mwa mama yako kwa sababu seli za katikati yake zilikubali kufa hivyo. Kwa hiyo kifo chenyewe si kosa. Inayoleta maafa ni namna ya kufa. Seli inayopasuka inamwagia jirani kila kilichokuwa ndani, jirani anavimba, anapasuka naye. Duara la nje la yule daktari.

Tuna methali ambayo shangazi angeisema, na kwenye ile korido nadhani aliisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako. Ni methali nzuri ya kuishi nayo mjini. Lakini inakudhania chawa. Chawa unaweza kumtafuta kwenye pindo, ukamponda kwa kucha, nguo ikabaki. Nilichokisoma mimi usiku baada ya usiku ni kwamba humu mwilini hakuna chawa. Kinachokula ni uzi wenyewe. Pumzi inayokulisha ndiyo inayokutia kutu. Askari anayekulinda anatumia kutu hiyohiyo kama silaha.

Hata udhaifu una sura mbili. Pwani yetu hii, na penginepo palipokuwa na malaria kwa karne nyingi, wapo watu wengi wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Chembe nyekundu zao zina mfagio mfupi. Wakipewa dawa fulani, primakwini ni mojawapo, damu yao inaweza kuvunjika. Na ni hao hao ambao huonekana kuwa na nafuu fulani mbele ya malaria kali. Nyumba mbovu, mwizi naye anaiogopa.

Nilifurahia maarifa haya. Yalinipa amani. Nikamwambia mdogo wangu kwa sauti ya mtu aliyeelimika kwamba hakuna wa kulaumiwa, ndivyo uhai ulivyo. Halafu tukaenda nyumbani kumchukulia baba nguo safi.

Kwenye droo ya kabati lake, chini ya vitambulisho, kulikuwa na chupa sita tupu za plastiki. Virutubisho vya kuondoa radikali huru. Pembeni yake kulikuwa na pakiti za dawa za presha, za miezi miwili, hazijaguswa. Na kwenye mfuko wa nailoni, uliokunjwa vizuri kama unavyokunja hati ya kiwanja, kulikuwa na kipande cha gazeti. Kichwa cha habari: "Adui Aliyejificha Ndani ya Seli Zako". Jina la mwandishi lilikuwa langu.

Niliandika makala ile mwaka 2017. Nakumbuka semina: ukumbi wa hoteli, maji ya chupa, mtoa mada mwenye kalamu ya mwanga mwekundu, na mwishoni bahasha ya "nauli". Wanaofanya kazi hii wananielewa. Ndani mlikuwa na shilingi 50,000. Hakuna aliyeniambia niandike nini. Hilo ndilo jambo la bahasha, haisemi. Niliandika kurasa zangu nne za mkono, mhariri akakata kidogo, ikatoka Jumapili. Baba, ambaye hakuwahi kusoma ukurasa wa afya maishani mwake, alinunua nakala tatu kwa sababu binti yake kaandika.

Nimeisoma tena mara nyingi. Ajabu ni kwamba ukichukua sentensi mojamoja, nyingi ni za kweli. Radikali huru zipo. Zinaharibu utando, protini, DNA. Msongo wa oksidesheni na uvimbe wa muda mrefu vinahusishwa na magonjwa ya moyo, kisukari, kiharusi. Hata jina la Denham Harman nililiweka, yule mwanakemia aliyetoa mwaka 1956 nadharia kwamba tunazeeka kwa sababu ya radikali hizi. Uongo haukuwa kwenye sentensi. Ulikuwa kwenye umbo la hadithi: kuna adui, yuko ndani, na hii hapa chupa. Niligeuza uzi kuwa chawa. Niliwapa wasomaji kile ambacho shangazi alikuwa anakitafuta koridoni, jina la mtu.

Na baba alifanya jambo la mantiki. Kama mzizi wa maradhi ni radikali, na chupa inang'oa mzizi, dawa ya presha ya nini? Dawa ya presha inamkojoza usiku, haimpi nguvu yoyote anayoihisi, na ameambiwa aimeze mpaka kufa. Chupa ilikuwa na picha ya jua na ndimu.

Hapa ndipo elimu yangu mpya ilipogeuka kishawishi. Maana nilikuwa nimeshajenga falsafa nzima ya kutolaumu. Oksijeni inaua, haina kosa. Nutrofili inafyatua jirani, haina kosa. Basi na mwandishi naye, alikuwa anatafuta riziki, alikuwa anasaidia kwa kadiri alivyojua, kule kusaidia kukaleta madhara. Ndivyo uhai ulivyo. Niliikaribia sana hoja hii. Kuna siku niliiandika kabisa, aya mbili, zikapendeza.

Tatizo lake ni kwamba nutrofili haiwezi kuuliza. Imepewa alama, ikiona alama inafyatua. Haina mahali pa kusimama na kusema, ngoja, hii DNA ni ya bakteria kweli au ni ya mwenyeji? Mimi nilikuwa na mahali hapo. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, anasema watunga sheria humwadhibu hata mtu aliyekosa kwa kutojua, ikiwa kutojua huko ni kwa uzembe wake mwenyewe, kwa sababu ilikuwa juu yake kujua. Mlevi anatajwa pale: adhabu yake ilikuwa mara mbili. Nilipoisoma chuoni niliona ni ukali wa watu wa kale. Sasa naona ni maelezo ya kazi yangu.

Maana yalikuwapo ya kujua. Mwaka 1994, nikiwa mtoto mdogo, yalichapishwa matokeo kutoka Finland: wanaume wavutaji sigara 29,133, baadhi wakipewa beta-karotini, mojawapo ya hivyo viondoa radikali, kwa miaka mitano hadi minane. Ilitarajiwa saratani ya mapafu ipungue. Waliomeza beta-karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi. Watafiti wa Marekani walikuwa na jaribio kama hilo la watu zaidi ya 18,000, beta-karotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 walilisimamisha miezi 21 kabla ya wakati, kwa sababu saratani ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 kwa waliokuwa wakipewa vidonge. Kwenye kiharusi chenyewe, dawa iliyobuniwa kunasa radikali, NXY-059, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 3,000, na matokeo yaliyotoka 2007 yakaonyesha haisaidii. Nisiwe mwongo kwa upande wa pili sasa: Japani wanatumia dawa ya aina hiyo, edaravone, kwa kiharusi tangu 2001. Jambo si jepesi. Lakini yote haya, isipokuwa uvivu wangu, yalikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye bando la shilingi elfu moja, miaka ishirini na zaidi baada ya Finland, siku niliyokaa kuandika.

Sitaki kusema makala yangu ilimpindua baba mdomo. Sijui. Pengine angeziacha zile dawa hata bila mimi; wazee wengi huziacha. Pengine angezimeza zote na bado mshipa ungeziba. Kwenye mambo ya mwili huwezi kufuata uzi mmoja toka mwanzo hadi mwisho ukasema ni huu. Nimeona watu wakilitumia hilo kama mlango wa kutokea: huwezi kuthibitisha, basi niache. Mimi naona kinyume. Kwa sababu siwezi kuthibitisha, sitawahi kulimaliza. Mwenye kosa la hakika anaweza kuomba radhi, akalipa, akalala. Mwenye kosa la huenda analibeba tu.

Na sidhani kwamba jibu ni kuacha kuandika juu ya afya, kama rafiki mmoja alivyonishauri. Hapo ningekuwa narudia kosa lilelile, la kudhani tiba ni kumwondoa mtendaji. Mwezi Juni 2020, katikati ya Uviko, jaribio la Uingereza liitwalo RECOVERY lilionyesha kwamba deksamethazoni, dawa ya bei rahisi ya kutuliza uvimbe, ilipunguza vifo kwa kama theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikusaidia. Dawa ni ileile, ugonjwa ni uleule. Mwanzoni askari wanahitajika. Baadaye wanakuwa wengi mno, wanachoma mapafu waliyokuja kuyalinda, na inabidi waambiwe washushe silaha. Lini, wapi, kiasi gani. Mwandishi anayeuza bidhaa haulizi maswali haya kwa sababu yanaharibu kichwa cha habari.

Baba alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Mkono wa kulia umebaki mzito. Maneno yamerudi, ila anayatafuta. Nilikaa miezi sita bila kumwambia nilichokikuta kwenye droo. Nilijiambia nasubiri apate nguvu. Jumapili moja nilimkuta karakanani, amekaa kwenye stuli, anapiga msasa kipande cha bomba kwa mkono wa kushoto, polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika. Rafiki yake wa siku zote alikuwa amepita kumtania, "Mgosi, geti hilo litaisha Krismasi gani?" akaenda zake. Tukabaki wawili.

Nikamwambia. Semina, hoteli, bahasha, makala, Finland. Nilimwambia dawa za presha zilikuwa ndizo, na chupa zile hazikuwa kitu. Alisikiliza huku anasugua. Nilipomaliza aliinua bomba, akalitazama kwenye mwanga.

"Walikupa shilingi ngapi?"

"Elfu hamsini, baba."

Akahesabu. Nilimwona anahesabu, midomo inacheza, neno linatafutwa.

"Chupa moja," akasema, "ilikuwa elfu sitini na tano."

Kisha akanipa msasa, akanionyesha kwa kidevu upande wa pili wa bomba, ambao yeye haufikii.

Shangazi sijamwambia. Akija kututembelea bado anauliza nani, na mimi naondoka kwenda kuchemsha chai.